Pipa Lililojaa Halilindi Ndege

Kusalimisha kitu kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, kikanuni, si kunyang'anywa. Msafiri ambaye begi lake la mkononi limekutwa na kisu, mkasi mrefu au chupa kubwa ya kimiminika hupewa hiari: arudi akakitie kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, ampe aliyemsindikiza, au akiache hapo hapo. Lakini mzigo mkubwa umeshapita kaunta na kupotelea kwenye mkanda, aliyemsindikiza ameshavuka barabara kutafuta daladala, na hiari tatu zimebaki moja. Kitu kinaingia kwenye pipa lililo pembeni ya mashine. Mwenyewe anavaa mkanda wake wa suruali na kwenda zake.

Juu ya pipa hilo imejengwa imani ambayo ni nadra kuhojiwa. Wakaguzi wanayo, mameneja wa viwanja wanayo, na wasafiri wengi wanayo pia, hata wale waliotoka kuyalilia manukato yao: kwamba kila kilichomo ni hatari iliyoondolewa, na kwa hiyo pipa likijaa ndege imezidi kuwa salama. Mamlaka za nchi mbalimbali huhesabu vitu vilivyokamatwa kwa mwaka na kuitangaza hesabu hiyo kama mafanikio. Kuna kosa la msingi hapa. Kinachopimwa na pipa ni idadi ya watu waliofika mbele ya mashine bila kuambiwa mapema nini kinakaa begi gani, na idadi hiyo inahusiana na usalama wa ndege kwa mbali sana.

Kanuni zenyewe hazina ugomvi mkubwa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia, uliongezewa Kiambatisho cha 17 mwaka 1974 baada ya wimbi la utekaji ndege, na tangu hapo kila nchi mwanachama inawajibika kuhakikisha silaha na vilipuzi haviingii ndani ya ndege. Tanzania inatekeleza wajibu huo kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inayosimamia kanuni, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, inayoendesha viwanja vya Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya viwanja. Vipo vitu visivyopanda ndege kabisa, kama petroli, fataki na mtungi wa gesi ya kupikia. Vipo visivyoruhusiwa mkononi tu, kama kisu na chupa ya nusu lita ya mafuta ya nazi. Na vipo vinavyokwenda kinyume: pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini, sharti ikae na mwenyewe, maana betri ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuiona.

Pipa hujazwa zaidi na kundi la pili, na hapo ndipo imani ile inapoanza kuyumba. Kisu kilichotupwa pipani kingekuwa kwenye sanduku la mwenyewe, kingesafiri kwa ndege ile ile, saa ile ile, bila mtu kukiuliza. Mafuta ya nazi vivyo hivyo. Kosa la vitu hivi ni kukaa begi lisilo lao.

Ngerengere, mji mdogo wa reli ulio kaskazini-mashariki mwa Milima ya Uluguru, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa karibu. Ndege hapo si kitu kigeni, kwa kuwa Jeshi la Wananchi lina kambi ya anga na mngurumo wa injini umezoeleka kama filimbi ya treni. Kigeni ni uwanja wa kiraia na taratibu zake. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 na Ngerengere ikawa stesheni njiani. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya SGR nayo inasimama hapo, na anayekwenda Dar es Salaam kupanda ndege anaanzia safari kwenye stesheni yenye mashine ya kukagua mizigo inayofanana kabisa na ile atakayoikuta Kipawa, kwenye uwanja wa ndege.

Mzigo wa msafiri kama huyo unajulikana. Asali ya miombo imo kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mdomo wa chupa umefunikwa kipande cha nailoni kabla ya kizibo kukazwa, kisha shingo imezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli mara tatu nne ili isivuje. Karanga zilizosagwa ziko kwenye kopo la Blue Band. Pilipili manga na mdalasini wa Kinole vimefungwa kwenye kitambaa, fundo kwa fundo. Na kwa kuwa njia ni ndefu na machungwa yapo, kuna kisu kidogo cha kumenyea, mpini wake umefungwa waya wa shaba tangu ulipopasuka. Viungo vitapita hadi Muscat bila swali. Asali na karanga vitaitwa vimiminika, jina ambalo hakuna mpishi wa Ngerengere aliyewahi kulipa kopo la karanga, na vitabaki. Kisu kitabaki.

Vitu hivyo havikuwekwa begi la mkononi kwa ubishi. Asali hubebwa mkononi kwa sababu ikipasuka itaharibu nguo, na kwa sababu mzigo wa heshima hauachwi mbali na macho. Zawadi ya mama haiwekwi pamoja na viatu. Ndiyo maana mapipa ya viwanja vya Afrika Mashariki yamejaa zawadi kuliko silaha. Zaidi ya hapo, stesheni imemfundisha msafiri somo lisilo sahihi. Treni haina kanuni ya ndege ya mililita 100 kwa chupa ya kimiminika. Mzigo umepita kwenye mkanda, ukaguzi umekwisha, asali imetoka upande wa pili. Kwa mantiki ya kawaida kilichokaguliwa kimekaguliwa, na mtu anayefika uwanjani saa chache baadaye akiwa na mzigo ule ule hana sababu ya kuwaza vingine.

Mtetezi wa pipa atasema kuwa ujinga wa msafiri hauondoi hatari ya kitu. Basi na litazamwe pipa lenyewe, lilivyo na mahali lilipowekwa. Bastola ikionekana kwenye mashine, haiendi pipani; mkanda unasimamishwa na polisi wanaitwa. Kilipuzi kikishukiwa, ukumbi unaondolewa watu. Chupa ya asali, kwa upande wake, inanyanyuliwa kwa mkono mmoja na kuangushwa juu ya chupa nyingine, hatua mbili kutoka kwenye foleni ya watu mia. Mkaguzi angeamini hata kidogo kuwa chupa ile ni bomu, asingeitupa hapo. Kila kilichomo pipani kimehukumiwa na wakaguzi wenyewe, kwa kitendo chao, kuwa hakina madhara ya kutisha. Haiwezekani kitu kiwe salama kiasi cha kurundikwa katikati ya umati, kisha kihesabiwe kuwa hatari kwenye taarifa ya mwaka.

Historia ya utekaji na ulipuaji ndege katika eneo hili haiungi mkono hesabu hiyo hata mara moja. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na kundi la vijana waliotaka Rais Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia uwanja wa Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Sehemu kubwa ya silaha walizotishia nazo ilikuja kuonekana kuwa za bandia. Tukio hilo linatetea vizuri kanuni inayozuia hata bastola ya kuchezea, na hapa mtetezi wa ukaguzi ana haki yake yote. Ila linatetea ukaguzi wa silaha, si kuhesabu makopo.

Tukio la miaka kumi na minne baadaye ni gumu zaidi kwa waumini wa pipa. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, ilitekwa muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Watu watatu waliingia chumba cha marubani. Walichukua shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto, vyote mali ya ndege yenyewe, na mmoja alishika chupa akidai ni bomu. Ilikuja kujulikana kuwa ni chupa ya pombe. Walitaka kupelekwa Australia na hawakutaka kusikia kwamba mafuta hayatoshi. Ndege iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Mitsamiouli, Ngazidja, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Shoka halikupita kwenye mashine yoyote, na chupa iliua kwa sababu iliaminiwa. Hata kama mapipa yote ya uwanja yangejaa visu siku ile, shoka lingekuwa mahali pake pale pale.

Karibu miaka ishirini ikapita, na Mogadishu ikatoa mfano mwingine. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo Airlines iliyokuwa ikienda Djibouti ilitobolewa ubavu na bomu lililofichwa ndani ya kompyuta mpakato. Aliyelibeba alirushwa nje na kufa peke yake. Rubani aliirudisha ndege salama, kwa kuwa ilikuwa haijafika kimo ambacho tundu kama lile lingeipasua. Picha za kamera za uwanja zilionyesha kompyuta ikikabidhiwa na wafanyakazi wa uwanja. Mlango uliotumika ulikuwa wa watu wa ndani, na upande ule hakuna anayeulizwa habari za karanga.

Itajibiwa kuwa kanuni ya vimiminika yenyewe ilizaliwa na njama ya kweli. Ndivyo. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya maji vilivyotiwa kwenye chupa za soda. Ila walikamatwa kwa sababu walikuwa wakifuatiliwa kwa miezi. Hawakukamatwa na mkanda wa mashine, na mashine za wakati ule zisingewakamata. Kikomo cha mililita 100, kilichoanza kutumika Ulaya Novemba mwaka ule, kiliwekwa kwa sababu vifaa havikuweza kutofautisha asali na kilipuzi, basi vyote vikawekwa kapu moja. Ni hatua ya tahadhari inayoeleweka. Lakini kinachoonekana pipani hapo ni mipaka ya mashine, wala si nia ya msafiri. Ushahidi ni huu: Aprili 2023 uwanja wa London City, baada ya kufunga mashine mpya zenye kuona ndani ya mzigo kwa pande zote, uliruhusu chupa za hadi lita mbili, kisha Juni 2024 serikali ya Uingereza ikarudisha kikomo cha zamani kwa muda. Chupa iliyopita Mei ilitupwa Juni. Asali ilikuwa ile ile.

Marekani, nchi inayohesabu kuliko zote, imetoa jibu ambalo huenda haikukusudia kulitoa. Mwaka 2015 wakaguzi wake walikamata bunduki na bastola 2,653 kwenye mabegi ya mkononi, idadi kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia, na ikatangazwa kwa fahari. Mwaka ule ule ikafichuka kuwa maofisa wa serikali waliojifanya abiria walifanya majaribio 70 ya kupitisha silaha na vilipuzi vya bandia, na 67 yakafaulu. Hesabu ya kwanza ilikuwa ikipanda huku ya pili ikionyesha chujio limetoboka. Anayetaka kujua kama ulinzi unafanya kazi anahitaji hesabu ya pili. Ya kwanza inamwambia tu kuwa Wamarekani wengi husahau bastola mabegini.

Kuna jambo baya zaidi ya hesabu kutokuwa na maana: vitu vingi visivyo na madhara huchosha macho yanayotafuta chenye madhara. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha kwa majaribio kuwa mtu anayetafuta kitu kinachojitokeza kwa nadra hukikosa mara nyingi zaidi kuliko anapotafuta kitu cha kawaida. Mkaguzi ambaye asubuhi nzima amefungua mabegi kwa ajili ya losheni, samli na achari amezoezwa na kazi yake kuiona samli. Kila begi linalofunguliwa lina dakika zake, kila dakika inarefusha foleni, na foleni ndefu humsukuma kuharakisha begi linalofuata. Pipa likijaa, maana yake ni kwamba siku hiyo jicho limetumika sana kwa mambo madogo.

Hoja ya kuogofya nayo husikika: kwamba mtu mwenye nia mbaya, akiona vitu vinavyokamatwa, ataogopa. Ataogopa mashine, ndiyo. Ataogopa mbwa, na swali la ghafla la mkaguzi aliye macho. Kopo la karanga la bibi litamwogopesha kwa lipi? Likimfundisha kitu, litamfundisha kuwa wakaguzi wana shughuli nyingi.

Inabaki hoja ya mwisho na ndiyo inayopendwa zaidi: matangazo yapo, asiyesoma shauri yake. Matangazo yapo kweli, mengi yao kwa picha nzuri, na yamebandikwa ndani ya uwanja, mahali ambapo msafiri ameshafunga mzigo, ameshaaga na ameshalipa nauli. Tangazo la aina hiyo halizuii kitu kubebwa. Linaeleza kwa nini kimechukuliwa. Tanzania inajua kufanya vizuri zaidi, na imewahi kufanya. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, serikali ilitoa taarifa kwa wasafiri majuma mawili kabla: wasipakie mifuko hiyo, kutakuwa na dawati la kuisalimisha viwanjani, na vile vifuko vya kufunga kwa zipu vinavyobeba vipodozi vitaruhusiwa mradi mwenyewe aondoke navyo. Balozi za nje zikaichukua taarifa na kuwapa raia wao. Mtalii wa Ujerumani alijua kabla hajafunga sanduku kuwa mfuko wake wa dukani hautakiwi Dar es Salaam. Mkazi wa Ngerengere, anayesafiri kutoka nchi yake mwenyewe, haambiwi na yeyote kuwa asali yake haitakiwi mkononi.

Kumwambia hakuhitaji mitambo. Tiketi ya ndege siku hizi huingia kwenye simu, na ujumbe huo huo unaotaja saa ya kuondoka unaweza kutaja kisu na chupa. Wakala anayekata tiketi mjini Morogoro anaweza kuuliza kuna nini cha majimaji. Stesheni za reli zina vipaza sauti na muda wa kusubiri. Lakini mahali panapofaa kuliko pote pamo ndani ya uwanja wenyewe. Katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kama viwanja vingine vya nchi, mizigo hukaguliwa mara mbili: mara ya kwanza mlangoni, kabla ya kaunta, na mara ya pili ndani, kuelekea chumba cha kusubiria ndege. Mashine ya mlangoni inaliona begi la mkononi likiwa bado bega kwa bega na sanduku kubwa. Kisu kinaonekana. Chupa inaonekana. Hapo neno moja la mkaguzi, "hiki kiweke kwenye begi la chini, bibi," linamaliza kazi. Kwa kawaida neno hilo halisemwi, kwa kuwa mashine ya kwanza inatafuta yale yaliyokatazwa jumla, na kisu kinaachiwa wa ndani wakione. Wa ndani wanapokiona, sanduku limeshaondoka.

Ukimya huo ndio unaozaa shutuma iliyoenea vijiweni, kwamba wakaguzi hugawana vitu baadaye. Shutuma hiyo haithibitiki kwa kupayukwa, na wengi wanaopakaziwa ni watu wanaofanya kazi ngumu kwa uaminifu. Ila haitakufa maadamu kitu kinachukuliwa bila karatasi. Katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani vitu vilivyoachwa viwanjani huchukuliwa na idara ya serikali ya jimbo na kuuzwa hadharani, fedha zikaingia hazina. Mtu anaweza kuudhika, lakini anajua kisu chake kimekwenda wapi. Daftari lenye tarehe, aina ya kitu na saini mbili lingetosha kuanzia. Lingetoa pia takwimu yenye faida, yaani vitu gani vinaachwa zaidi, na wenye navyo wametokea wapi, ili ijulikane taarifa ipelekwe wapi. Kama nusu ya chupa za asali zinatoka mikoa miwili, hilo ni jambo la kushughulikiwa huko huko mikoani.

Hesabu ya aina hiyo ingelipa pipa kazi halali, na kipimo chake kingegeuka: likipungua kujaa, ndipo mtu wa matangazo atakuwa amefanya kazi. Chupa yenye ukanda wa mpira wa baiskeli ingesimamishwa kwenye mashine ya mlangoni, ikafungiwa ndani ya kanga na kulazwa sandukuni kati ya nguo, dakika tatu kwa jumla. Mashine ya pili isingeikuta, mkaguzi wa ndani angebaki na macho yake kwa begi linalofuata, na kwenye taarifa ya mwaka isingeandikwa popote.